Haikupatikana au Haipo? Uhakiki wa Jibu Moja la Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za kompyuta katika Kiswahili umedumu kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya mjadala huo imehusu majina. Je, chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mahali pa kuhifadhia mafaili paitwe folda, kabrasha au saraka? Maswali hayo yana umuhimu wake. Hata hivyo, mtu anayejifunza kutumia kompyuta hakutani na majina peke yake, bali hukutana pia na sentensi ambazo kompyuta humjibu nazo, na sentensi huwa na kitenzi. Makala haya yanahakiki sentensi moja kati ya hizo. Kwa Kiingereza husomeka "command not found", na kwa Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya elimu hapa Lubumbashi, husomeka "commande introuvable".

Chanzo cha makala haya ni tukio dogo. Katika chumba kimoja cha kompyuta mjini humu, mwanafunzi alikuwa ameandika programu fupi ya kukokotoa wastani wa alama, akaipa jina "hesabu". Aliomba orodha ya mafaili yaliyomo katika saraka yake, na jina "hesabu" likaonekana mbele ya macho yake. Kisha akaliandika jina hilo ili programu ifanye kazi. Kompyuta ikamjibu "commande introuvable". Jirani yake alipomwuliza kuna nini, alijibu kwa Kiswahili cha mjini: "Haiko." Akaifuta kazi yake, akaiandika upya tangu mwanzo, akapata jibu lile lile. Siku chache baadaye mwenzake alipewa jibu hilo hilo kuhusu programu aliyokuwa amekwisha kuipakua kutoka katika intaneti. Alinunua kifurushi kingine cha intaneti kwa fedha alizokopa, akaipakua programu hiyo mara ya pili. Jibu halikubadilika.

Programu zote mbili zilikuwapo. Wanafunzi hao walikosa maelezo ya maana ya "kutopatikana". Hoja yetu ni kwamba jibu lile, jinsi linavyosomwa katika Kifaransa na jinsi linavyofasiriwa papo hapo katika Kiswahili cha Lubumbashi, huficha jambo ambalo mtumiaji anahitaji kulijua kuliko yote, nalo ni kwamba kompyuta ilitafuta mahali maalumu tu, kwa mpangilio maalumu, kisha ikaacha. Tutaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kisarufi za kulisema jambo hilo kwa ukweli zaidi, ilimradi mfasiri awe anajua kompyuta hufanya nini kabla ya kuchagua kitenzi.

2.0 Ganda hutafutaje programu?

Kabla ya kuhakiki jibu, hatuna budi kueleza kitendo kinacholizaa. Programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa herufi na kuzipeleka zitekelezwe huitwa "shell" kwa Kiingereza. Jina hilo lilibuniwa na Mfaransa, Louis Pouzin, alipoandika mwaka 1965 kuhusu mfumo wa Multics uliokuwa ukitengenezwa nchini Marekani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wafaransa wenyewe aghalabu hutumia neno hilo la Kiingereza au husema "interpréteur de commandes", kwani neno lao "coquille" lina maana nyingine pia, yaani kosa la uchapaji. Kwa upande wa Kiswahili, neno "ganda" linafaa bila matatizo makubwa. Ganda huzunguka kiini, na sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ambayo Wafaransa huiita "noyau", twaweza kuiita kiini. Msomaji anayelijua yai amekwisha kuuelewa uhusiano wa sehemu hizo mbili.

Mtumiaji anapoandika jina la programu, ganda huanza kwa kutazama kama jina hilo lina alama ya mkwaju ndani yake. Likiwa nayo, ganda halitafuti. Huichukulia kuwa ni anwani kamili au sehemu ya anwani, na kwenda moja kwa moja mahali palipotajwa. Likiwa halina mkwaju, utafutaji huanza. Katika ganda liitwalo Bash, lililoandikwa kwanza na Brian Fox mwaka 1989 na ambalo bado linatumika sana, mpangilio wa kawaida ni huu. Kwanza hutazamwa kama jina hilo ni lakabu, yaani jina fupi ambalo mtumiaji ameliweka badala ya amri ndefu. Pili, kama ni fanksheni iliyokwisha kuelezwa ndani ya ganda. Tatu, kama ni mojawapo ya amri za ndani, ambazo ganda lenyewe huzitekeleza bila kumwita mwingine. Mwisho, kama haikuwa lolote kati ya hayo, ganda huenda katika kigeu kiitwacho PATH.

Kigeu hicho ni orodha ya saraka. Katika mifumo ya jamii ya Unix saraka hizo hutenganishwa kwa nukta pacha. Katika MS-DOS na Windows hutenganishwa kwa nukta mkato. Orodha fupi yaweza kuwa hivi: /usr/local/bin:/usr/bin:/bin. Ganda huingia katika saraka ya kwanza na kuuliza kama mna faili lenye jina hilo ambalo linaruhusiwa kutekelezwa. Likikosekana huenda katika ya pili, kisha ya tatu. Likipatikana, utafutaji hukoma hapo hapo, hata kama katika saraka inayofuata mna programu nyingine yenye jina lile lile. Wahenga walisema kwamba mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Ganda lina tabia ya namna yake: huacha kutafuta mara lipatapo cha kwanza, au mara orodha iishapo, wala halitoki nje ya orodha hata kwa hatua moja.

Mfano wa mjini unaweza kutusaidia. Tuseme mama anamtuma kijana: "Kamwite Ilunga." Mji wetu una komini saba, na jina la Ilunga wanalo watu wengi. Kijana amezoeshwa kuanza Kamalondo, kisha Kenya (komini yetu, si nchi), kisha Katuba. Akimpata Ilunga Kamalondo, atarudi naye huyo, ingawa yule aliyekusudiwa anaishi Katuba. Asipompata katika komini zote tatu, atarudi na kusema hakumpata, ingawa Ilunga yupo Ruashi na ana afya njema. Lakini mama akisema "Nenda Ruashi, barabara fulani, nyumba namba fulani," kijana hatahitaji kutafuta. Hiyo ndiyo tofauti baina ya jina lisilo na mkwaju na lile lenye mkwaju.

Sasa twaweza kumrudia mwanafunzi wetu wa kwanza. Programu yake ilikuwa katika saraka aliyokuwamo. Katika mifumo ya jamii ya Unix saraka hiyo haitafutwi isipokuwa imo katika orodha, na kwa kawaida ya leo haimo. Alipaswa kuandika "./hesabu", yaani nukta inayowakilisha saraka aliyomo, kisha mkwaju, kisha jina. Laiti angekuwa mbele ya dirisha la amri la zamani la Windows, jina peke yake lingetosha, kwa sababu humo saraka aliyomo mtumiaji hutazamwa kabla ya orodha.

Utaratibu huu ni uamuzi wa watu na umewahi kubadilika. Ganda la Stephen Bourne, lililotolewa pamoja na toleo la saba la Unix mwaka 1979, lilianza na orodha ambayo nafasi yake ya kwanza ilikuwa tupu, na nafasi tupu humaanisha saraka aliyomo mtumiaji. Desturi hiyo iliachwa kwa sababu za usalama. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi yaweza kuwa na mtu mwenye hila ambaye huweka katika saraka ya pamoja programu yenye jina la amri ya kila siku, kama vile "ls". Mwenzake anapoingia humo na kuandika "ls" ili aone mafaili, hutekeleza programu ya yule mwenye hila bila kujua. Kwa hiyo jibu lililomkatisha tamaa mwanafunzi wetu lilitokana na kinga. Lakini hakuna neno katika "commande introuvable" linalomdokezea hivyo.

3.0 Jibu lenyewe na vitenzi vyake

Tuanze na Kifaransa. Neno "introuvable" ni kivumishi. Husema sifa ya kitu, kwamba hakiwezi kupatikana. Kitabu kilichokwisha madukani huitwa "introuvable". Aliyetafuta na mahali alipotafuta wote wamefutwa katika sentensi, ikabaki amri peke yake ikiwa na kasoro. Kiingereza kina nafuu kidogo, kwani "not found" hutokana na kitenzi na kwa hiyo hubakiza kivuli cha tendo, ingawa mtendaji na mahali havitajwi. Jibu la Windows limejitenga zaidi na ukweli. Husema kwamba jina halitambuliwi kuwa ni amri ya ndani au ya nje, wala programu inayoweza kutekelezwa. Hapo utafutaji wenyewe umetoweka. Msomaji hudhani kwamba kompyuta ina kumbukumbu ya majina inayoyajua na asiyoyajua, kumbe ilitembea kutoka saraka hadi saraka.

Mfasiri wa Kiswahili ana uwezekano mwingi, na kila mmoja una maana yake. Tuuchambue mmoja baada ya mwingine.

(a) "Hakuna amri hiyo." Sentensi hii hukana kuwako kwa kitu. Ni kosa, kwa kuwa ganda halina ushahidi wowote kuhusu mahali ambapo halikwenda.

(b) "Amri haipo." Kiambishi -po huelekeza mahali mahususi panapojulikana na wazungumzaji. Kama mahali hapo pangetajwa, sentensi ingekuwa ya kweli: "haipo katika saraka hizi". Pasipotajwa, msomaji hufikiria mahali alipo yeye, na mwanafunzi wetu alikuwa akiitazama programu yake hapo alipo.

(c) "Amri haijapatikana." Kiambishi -ja- hubeba maana kwamba tendo halijatimia lakini bado linatazamiwa. Msomaji angeweza kukaa akingoja. Kumbe ganda limekwisha kuacha kutafuta na linangoja amri nyingine.

(d) "Amri haipatikani." Hapa tunakaribia "introuvable" ya Kifaransa. Tunasema sukari haipatikani mjini tukimaanisha imeadimika. Hata hivyo, watumiaji wa simu nchini Kenya na Tanzania wamezoea kusikia kwamba mteja "hapatikani kwa sasa", na hakuna anayedhani kwamba mteja huyo amefariki. Kinachoiokoa sentensi ile ni maneno mawili ya mwisho, ambayo huiwekea hali hiyo mpaka wa wakati. Funzo tunalolipata ni kwamba kitenzi hiki chahitaji kuwekewa mpaka ili kisidanganye. Kwa upande wa simu mpaka ni wa wakati. Kwa upande wa ganda mpaka ungepaswa kuwa wa mahali.

(e) "Amri haikupatikana." Njeo hii huripoti tukio lililokwisha. Palikuwa na kutafuta, na matokeo yake yalikuwa kukosa. Haisemi chochote kuhusu uwezekano wa kuipata kesho au mahali pengine. Kwa maoni yetu hiki ndicho kitenzi kilicho karibu zaidi na kile ambacho ganda limefanya.

Mtu aweza kudai kwamba tofauti hizi ni za wanasarufi tu. Hatukubaliani na dai hilo, kwa sababu ganda lenyewe hutofautisha hali zinazofanana na hizi. Kila amri inapomalizika, huacha nyuma namba inayoeleza matokeo yake. Programu ambayo haikupatikana huacha namba 127. Programu iliyopatikana lakini isiweze kutekelezwa, kwa mfano kwa sababu faili halina ruhusa ya kutekelezwa, huacha 126, na ujumbe wake ni tofauti. Mtumiaji akitaja anwani yenye mkwaju na faili lisiwepo, huambiwa kwamba hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Hapa kukana kuwako ni halali, maana ganda lilielekezwa mahali pamoja na likaenda kuhakikisha. Kwa hiyo "hakuna faili hilo", "haikupatikana" na "imepatikana lakini hairuhusiwi" ni habari tatu tofauti. Mfasiri anayezifanya zote kuwa "haipo" amefuta maarifa yaliyokuwamo katika chombo.

Kuna hali ya nne, ambayo haina ujumbe kabisa. Ganda linapompata Ilunga asiyetakiwa, halisemi neno. Kompyuta yaweza kuwa na matoleo mawili ya Python katika saraka mbili. Litakalotekelezwa ni lile ambalo saraka yake inatangulia katika orodha. Mtumiaji hulaumu kazi yake mwenyewe, kumbe ameitiwa toleo asilolikusudia. Aidha, Bash hukumbuka mahali ilipowahi kuipata programu ili isitafute tena. Programu ikihamishwa, Bash yaweza kuendelea kwenda katika nyumba ya zamani mpaka iamriwe kusahau kwa "hash -r". Dawa ya ukimya huo ni kuuliza. Amri "type -a" ikifuatwa na jina huonyesha kila mahali ambapo jina hilo linapatikana, kwa mpangilio ule ule wa utafutaji. Mwalimu anayefundisha "haikupatikana" bila kufundisha swali hili amefundisha nusu ya somo.

4.0 Njia au orodha?

Istilahi ya pili inayohitaji kuhakikiwa ni ile ya PATH yenyewe. Tafsiri ya haraka ni "njia", kama vile Kifaransa husema "chemin". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, njia katika Kiswahili huanza mahali na kufika mahali. Anayeifuata hupita kila sehemu yake ili afike mwisho. PATH haina mwisho wa kufikia. Ni mahali pengi palipopangwa kwa zamu, na utafutaji waweza kukoma katika zamu yoyote. Mwanafunzi anayeambiwa "programu yako haimo katika njia" hujiuliza ni njia ya kwenda wapi.

Pili, Kiingereza hutumia neno lile lile kwa vitu viwili. Anwani ya faili moja, inayoandikwa kwa mikwaju, huitwa hivyo. Na orodha ya saraka za kutafutia, inayotenganishwa kwa nukta pacha, huitwa hivyo pia. Kifaransa kimejitahidi kuvitenga kwa kuiita ile ya kwanza "chemin d'accès". Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko ambao si wake. Tunapendekeza kwamba ya kwanza iitwe "anwani ya faili" na ya pili "orodha ya kutafutia". Kauli ya kutendea katika "kutafutia" hufanya kazi ambayo nomino "njia" haiwezi, kwani hueleza mahali ambapo tendo hufanyikia, na neno "orodha" hueleza kwamba mahali hapo ni pengi na pana mpangilio.

Tukiunganisha pendekezo hili na uchambuzi wa sehemu iliyotangulia, jibu la ganda kwa Kiswahili lingekuwa: "hesabu: amri haikupatikana katika orodha ya kutafutia." Limezidi tafsiri ya kawaida kwa maneno manne. Lakini maneno hayo humwonyesha msomaji pa kwenda, yaani akaitazame orodha. Akiuliza "echo $PATH" ataiona, na atajua kama tatizo ni kwamba programu haipo kweli au kwamba ipo katika komini ambayo kijana hakutumwa.

5.0 Amri na jibu katika Kiswahili cha Lubumbashi

Kwa nini mwanafunzi wetu alisema "Haiko"? Haikuwa kwa uzembe. Katika Kiswahili cha Lubumbashi "iko" hubeba kazi ambazo Kiswahili sanifu kimezigawia "ni", "kuna", "yupo" na "ana". Wataalamu kama Edgar Polomé, aliyeandika kuhusu lugha hii mwaka 1968, na Walter Schicho, aliyechunguza sintaksia yake mwaka 1982, wameonyesha kwamba ina utaratibu wake yenyewe na haifai kuitazama kama Kiswahili kilichoharibika. Tunakubaliana nao. Hata hivyo, pale ambapo neno moja lina upana mkubwa, kukana kwake pia kuna upana mkubwa. "Haiko" yaweza kuwa haipo hapa, au haipo popote. Kifaransa kilimpa mwanafunzi sifa isiyo na mpaka, naye akaitia katika kitenzi kisicho na mpaka. Kosa lilizaliwa katika makutano ya lugha hizo mbili.

Suala hili lina upande wa kihistoria pia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na Kiswahili kilikua humu kikiwa lugha ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, alichunguza misamiati na vitabu vya mazungumzo vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu waliokuja Kongo. Anayeisoma misamiati ya aina hiyo huona jinsi kuagiza kulivyopewa nafasi kubwa kuliko kusikiliza. Kwa hiyo neno "amri" si geni katika mji huu. Geni ni kule kulichukulia jibu la anayeamriwa kuwa ni jambo linalostahili kutungwa kwa uangalifu.

Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa hapa, na Fabian akaichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Maandishi yale yalipewa jina la "Vocabulaire", yaani msamiati, lakini ndani yake watumishi wanasimulia maisha ya mji kama walivyoyaona wao. Tunayataja hapa kwa sababu moja tu: yanathibitisha kwamba Kiswahili cha mji huu, kilichotumika sana kupokelea maagizo, kinaweza kubeba maelezo ya yule aliyekuwa upande wa pili wa agizo. Mwanafunzi wetu wa leo amegeuziwa nafasi. Sasa yeye ndiye anayeamuru, na mashine ndiyo inayojibu. Jibu likimfikia katika umbo asilolielewa, kuamuru kwake kunakuwa ni jina tu.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba wanafunzi wa chuo kikuu hapa husoma kwa Kifaransa, na majina ya amri ni ya Kiingereza, kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili haina haja. Tunajibu kwamba mwanafunzi wetu alisoma Kifaransa bila shida. Alipoeleza alichokielewa, alikieleza kwa Kiswahili, na ni ufafanuzi ule uliomwongoza kufuta kazi yake. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Ikiwa ndiyo lugha ambayo watu huelezana mambo wakiwa mbele ya mashine, basi inastahili kuwa na maneno sahihi ya kuyaeleza, hata kama skrini itaendelea kuandika Kifaransa.

Pingamizi la pili hutoka upande wa wasanifishaji. Huenda wakasema kwamba kazi ya istilahi imekwisha kufanywa kwingineko, na kwamba Lubumbashi inapaswa kuipokea tu. Kazi hiyo tunaiheshimu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na hapo ikathibitika kwa vitendo kwamba programu nzima ya ofisini yaweza kusomeka kwa Kiswahili. Lakini istilahi haikamiliki siku inapochapishwa. Hupimwa mahali inapotumika, na mahali hapo huweza kufichua tatizo ambalo mtungaji hakuliona. "Haipo" ya Dar es Salaam na "haiko" ya Lubumbashi hazina upana mmoja. Kwa mintarafu hii, mchango wa Lubumbashi katika usanifishaji ni kuonyesha pale ambapo istilahi inashindwa kumfikisha msemaji wa hapa kwenye maana iliyokusudiwa.

7.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba jibu "commande introuvable" ni sahihi kwa sehemu tu, kwani huihamishia amri upungufu ambao kwa hakika ni wa utafutaji. Tumeona kwamba ganda hutafuta katika lakabu, fanksheni, amri za ndani, kisha katika orodha ya saraka kwa zamu. Kwamba huchukua cha kwanza linachokipata. Na kwamba haliwezi kushuhudia lolote kuhusu mahali ambapo halikwenda. Kati ya vitenzi ambavyo Kiswahili kinampa mfasiri, "haikupatikana" ndicho kinachoripoti tukio hilo bila kuongeza dai, hasa kikiandamana na mahali palipotafutwa.

Tunawapendekezea waalimu wa kompyuta na waalimu wa Kiswahili wa chuo chetu wakae pamoja katika jambo hili. Somo la kwanza la mstari wa amri lingeweza kuanza kwa maswali matatu, ambayo mwanafunzi angezoea kuyauliza kila apatapo jibu hili: Imetafutwa wapi? Kwa mpangilio upi? Nami nimeiweka wapi? Mwanafunzi wetu wa kwanza, alipoulizwa swali la tatu, alionyesha kwa kidole jina la programu yake kwenye skrini. Alipoulizwa la kwanza alinyamaza, kisha akaomba aonyeshwe orodha. Yule wa pili alikuwa akiendelea kulilipa deni la kifurushi.